Kosa la mtoto au Kiswahili cha nyumbani? Matamshi ya watoto wadogo na kazi ya msikilizaji

Katika masomo ya fonolojia tumezoea kuchambua matamshi ya watu wazima. Matamshi ya mtoto mdogo tunawaachia wazazi, ambao huyacheka, na walimu wa shule ya maternele, ambao huyasahihisha. Makala haya yanataka kuonyesha mambo mawili. La kwanza, mtoto anayekosea sauti hukosea kwa utaratibu. La pili, hapa Kongo tamshi haliwezi kuitwa kosa kabla ya kujua ni Kiswahili gani kinasemwa nyumbani kwa mtoto huyo.

1. Utaratibu ndani ya kosa

Mwaka 1941 Roman Jakobson alieleza kwamba sauti zinazoenea katika lugha nyingi za dunia, kama p, m, t na irabu a, ndizo mtoto huzipata mapema, na zile adimu huchelewa. Wataalamu waliomfuata walionyesha kwamba watoto hutofautiana kuliko alivyodhani, lakini wazo la kuwa kuna mpangilio limebaki. Mifano ifuatayo ni ya kuonyesha jinsi kila kanuni inavyofanya kazi katika maneno yetu ya kila siku.

a) Kikwamizi kinageuka kipasuo: “sombe” inakuwa “tombe”, “fimbo” inakuwa “pimbo”. Kwa kipasuo, inatosha kufunga njia ya hewa na kuifungua. Kikwamizi kinadai kuacha upenyo mwembamba na kuushikilia, kazi ngumu kwa ulimi mchanga.
b) Sauti ya nyuma ya kinywa inaletwa mbele: “kuku” inakuwa “tutu”.
c) Kimadende r kinageuka l au y: “bukari” inakuwa “bukali” au “bukayi”.
d) Silabi inayotangulia ile yenye mkazo inaanguka: “samaki” inabaki “maki”, “kalanga” inabaki “langa”.
e) Nazali iliyo mbele ya konsonanti inaachwa: “ndizi” inakuwa “dizi”.
f) Konsonanti moja inaivuta nyingine ifanane nayo: “sabuni” inakuwa “babuni”.

Kanuni hizi huweza kukutana katika neno moja. Katika “sukari”, kanuni (a) na (c) zinatoa “tukali”. Ukiongeza (b), unapata “tutali”. Asiyejua kanuni anasikia kelele tu. Anayezijua anaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye neno lenyewe.

Tena, kinywa kushindwa si dalili kwamba sikio limeshindwa. Jean Berko na Roger Brown walieleza mwaka 1960 habari za mtoto wa Kiingereza aliyeita samaki wake wa kuchezea “fis” badala ya “fish”. Mtu mzima alipoiga tamshi hilo, mtoto alimkatalia. Aliposema “fish”, mtoto alikubali, lakini yeye mwenyewe akaendelea kusema “fis”. Alikuwa na neno sahihi kichwani. Kumrudishia mtoto kosa lake kwa mzaha, basi, hakumfundishi kitu.

2. Kipimo kiko nyumbani

Hapo ndipo shida yetu inapoanza. Edgar Polomé alichapisha maelezo ya Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1968, na tangu hapo hakuna mwanaisimu anayeweza kusema kwamba Kiswahili hicho hakina kanuni zake. Mtoto wa Lubumbashi anayesema “mutu”, “kuya”, “luga”, “zambi” na “selasini” anatamka kama baba na mama yake. Mwalimu mwenye orodha ya Kiswahili Sanifu mkononi atamhesabia makosa matano, na huenda akamwita mtoto mwenye ulimi mzito. Kumbe hana kosa hata moja. Kosa la kitoto lingekuwa “tu” mahali pa “mutu”, maana hapo silabi imeanguka.

Lugha ya pili nyumbani inaongeza jambo. Katika Ciluba, l hutamkwa d mbele ya i. Mtoto wa nyumba ya Waluba anayeingiza d mahali hapo katika Kiswahili anaweza kuwa anafuata kanuni ya lugha ya wazazi wake.

Lakini hatari iko pande zote mbili. Tukisema kila mara “ndiyo Kiswahili chetu”, mtoto asiyesikia vizuri atakaa miaka darasani bila msaada.

3. Maswali manne kabla ya kuhukumu

Kwanza: watu wazima wa nyumbani hulitamkaje neno hili? Pili: je, badiliko linajirudia katika maneno mengine yenye sauti ileile? Tatu: je, mtoto anatofautisha kwa sikio? Mwonyeshe picha ya saa na picha ya taa, taja moja, uone anagusa ipi. Nne: je, kosa linapungua kadiri miezi inavyopita? Mtoto wa miaka minne hivi anapaswa kueleweka kwa sehemu kubwa hata na mgeni. Asipoeleweka, masikio yapimwe kwanza.

Swali la kwanza ni letu, sisi wa lugha za Kiafrika. Gangji, Pascoe na Smouse walichapisha mwaka 2015 utafiti juu ya matamshi ya watoto wadogo wa Tanzania. Vipimo vyao haviwezi kuhamishiwa Bukavu, Goma au Lubumbashi vilevile vilivyo. Tunaweza kuanza na maneno hamsini ya nyumbani, tukiwarekodi watu wazima kwanza, kisha watoto wao. Bila orodha hiyo, mwalimu ataendelea kupima kwa kitabu lugha ambayo mtoto aliipata jikoni kwa mama yake.