Kuchagua Mahali Pema pa Kuhifadhia Visu na Mapanga

Ndugu mlaji, kaya nyingi za Mbinga na za mwambao wa Ziwa Nyasa zina makali mengi kuliko wenyewe wanavyodhani. Hebu tuhesabu pamoja. Jikoni kuna kisu cha mboga na kingine cha kumenyea mihogo. Nyuma ya mlango kuna panga. Ghalani kuna nyengo ya kufyekea na mkasi wa kupogolea kahawa. Mvuvi wa Liuli au Mbamba Bay huongeza kisu chembamba cha kupasulia mbasa na kambale. Vyote hivyo vimenunuliwa kwa fedha, lakini mara nyingi huchomekwa katika nyasi za paa au katika ufa wa ukuta, ama hulundikwa ndani ya ndoo pamoja na vijiko.

Somo hili linaeleza namna ya kuchagua mahali pa kuhifadhia makali hayo, ili msomaji aweze kupima kifaa mwenyewe kabla ya kutoa fedha yake.

Mambo matatu ya kutazama

La kwanza ni ukavu. Kutu hutokea pale chuma kinapokutana na maji na hewa. Maji ya Ziwa Nyasa hayana chumvi kama ya bahari, na kwa hiyo wapo wanaodhani kwamba kisu cha mwaloni hakihitaji uangalizi. Lakini chumvi inayotumiwa kuhifadhia samaki hubaki katika ubapa na katika maungio ya mpini, ikavuta unyevu usiku kucha. Milimani, kama vile Litembo na Maguu, ukungu na mvua za masika hujaza unyevu ndani ya ghala. Hifadhi inayofaa ni ile inayopitisha hewa.

La pili ni makali kutogusana. Visu vinavyogongana ndani ya ndoo hubutuka upesi, na mwenye navyo hulazimika kuvinoa mara kwa mara. Kila kunoa hupunguza chuma, na maisha ya kisu huwa mafupi.

La tatu, nalo ni kubwa kuliko yote, ni usalama wa watu wa nyumbani. Panga lililochomekwa paani huweza kumwangukia aliyelala chini yake. Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Sisi tunashauri wembe huo uwekwe mahali ambapo mtoto hatauona akaulilia.

Vifaa vinavyopatikana na sifa zake

Ala ya ngozi hufaa kubebea kisu au panga njiani. Haifai kuwa makao ya kudumu, kwa sababu ngozi hushika unyevu na kuubakiza juu ya chuma. Ukifika nyumbani, chomoa panga, lifute, kisha tundika ala peke yake ikauke.

Bweta la mbao lenye matundu hupendeza machoni, lakini kisu kikiingizwa kikiwa na majimaji, tundu hugeuka kuwa nyumba ya ukungu na uchafu. Ukilinunua, chagua linaloweza kufunguliwa na kuoshwa.

Ubao wa sumaku huviacha visu vipigwe na hewa. Kabla ya kununua, chukua kisu chako mwenyewe ukakijaribu dukani, kwa kuwa si kila chuma hunaswa na sumaku. Usiubandike kwa gundi kwenye ukuta wa udongo. Upigilie misumari katika boriti imara. Panga zito lisitundikwe hapo.

Mfuko wa turubai wenye vyumba, unaoviringishwa na kufungwa kwa kamba, humfaa mchuuzi wa samaki anayesafiri kati ya mwalo na soko. Kila jioni ufunguliwe na kuanikwa.

Ubao wenye mipasuo, uliotengenezwa na seremala wa kijijini kwa mbao iliyokauka vizuri, ni kifaa rahisi ambacho mara nyingi hutimiza masharti yote matatu. Mweleze fundi idadi ya visu vyako na urefu wa ubapa mrefu kuliko wote. Mipasuo iachane vya kutosha ili mkono usiguse makali ya kisu cha jirani. Upande wa mbele uzibwe kwa ubao mwembamba, na chini uachwe wazi ili maji yachuruzike. Uwekwe juu, mbali na kigoda au meza ambayo mtoto anaweza kuikwea. Mapanga, nyengo na shoka vikae katika sanduku lenye matundu ya hewa na kufuli.

Jaribio la msumari

Njia nyepesi ya kupima ukavu wa mahali ni hii. Chukua msumari mpya wa kawaida, si ule wa bati, uufute kwa sabuni na kuukausha. Uweke pale unapokusudia kuhifadhi visu kwa siku saba. Ukitoka na madoa mekundu, mahali hapo pana unyevu, na hata kifaa cha bei kubwa hakitaokoa visu vyako hapo. Tafuta mahali pengine kabla ya kununua.

Haki zako dukani

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Ukiambiwa kwamba kifaa hakishiki kutu, omba maneno hayo yaandikwe kwenye risiti, nawe uitunze. Malalamiko yasiyo na risiti ni magumu kuyathibitisha.

Ajali ikitokea

Wengi huamini kwamba pepopunda huletwa na kutu. Ukweli ni kwamba huletwa na vijidudu vinavyoishi udongoni na katika kinyesi cha wanyama. Panga la shambani huweza kuvibeba hata likiwa linang'aa. Aliyejikata aoshe jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha aende zahanati akaulizie chanjo bila kungoja.

Maswali ya kujipima

1. Nyumbani kwako kuna makali mangapi, na kila moja limelala wapi usiku wa leo?
2. Je, mtoto wa miaka mitano anaweza kulifikia lolote kati ya hayo?
3. Mara ya mwisho kisu chako kilipata kutu, kilikuwa kimehifadhiwa wapi?

Jibu la swali la pili likiwa ndiyo, tunakuomba usingoje siku ya soko. Hamisha makali hayo leo, na kifaa utakinunua baadaye.