NENO "PINDO" NA JAMAA ZAKE

Mwanafunzi wa Gisenyi akitakiwa kutaja pambo lizungukalo nguo, ni rahisi aandike "mpaka". Si ajabu: Goma iko ng'ambo tu ya kizuizi, na Kinyarwanda nacho chasema umupaka. Lakini mpaka hutenga nchi na nchi, au shamba na shamba. Nguo ina pindo. Na tangu Bunge letu lilipokifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, hatuna udhuru wa kuyachanganya.

Pindo latokana na kitenzi kupinda. Asili yake ni ule ukingo fundi aupindao na kuushona ili nyuzi zisifumuke. Upinde wa mvua ni wa ukoo huo huo. Angalieni ngeli: upindo wa vazi, pindo za mavazi, lakini pia pindo la kanga, mapindo ya kanga.

Kanga ndiyo iliyolipa neno hili heshima. Ina pindo, yaani pambo lililochapwa pande zote nne. Ina mji, uwanja wa katikati. Na ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa sehemu ya chini ya mji. (Pambo hilo halikupindwa, ni rangi tu, mkunjo umeondoka, neno limebaki.) Kanga huuzwa kwa doti, mbili zikiwa zimeungana, na mkasi hupita katikati ya mapindo mawili. Ukipotoka, kanga moja yakosa pindo, na nani ataivaa?

Kitenge, tukivaacho zaidi huku, kwa kawaida hakina pindo wala jina. Nakshi yajaa toka ukingo hadi ukingo, na pembeni huenda ukaona maandishi madogo ya kiwanda. Basi usiseme pindo la kitenge mpaka fundi awe amekipinda.

Liko na neno taraza, ambalo si vijana wengi walijuao: ukanda mwembamba wa hariri uliofumwa ukingoni mwa kilemba au nguo ya kujifunga. Ni la Kiarabu, tiraz, na kutarizi ni ndugu yake. Zamani za makhalifa wa Baghdad, tiraz ilikuwa ukanda wenye jina la khalifa, katika mavazi ya heshima aliyotunuku watu wake. Kumbe kuandika juu ya nguo hakukuanza na kanga!

Na imigongo ya Gisaka? Ile ni matuta ya kinyesi cha ng'ombe na majivu juu ya ubao. Pembeni mwake semeni ukingo.

Zoezi: Tungeni sentensi nne zenye pindo, mpaka, taraza na ukingo.