Fuvu, Mzinga na Mtihani: Je, Akili Hupimwa kwa Nini?

Mji wa Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, ulipewa jina la Nduna Songea Mbano, mmoja wa viongozi wa Wangoni katika Vita vya Maji Maji. Wajerumani walimnyonga mwaka 1906, na ukoo wake umeshikilia hadi leo kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akaomba radhi kwa ukatili wa vita hivyo, na kuahidi kwamba nchi yake ingejitahidi kulitafuta fuvu hilo.

Mwanafunzi wa sayansi ana haki ya kuuliza: fuvu la mtu aliyenyongwa lilitakiwa kwa kazi gani huko Ulaya? Jibu ni kwamba lilitakiwa kwa kupimwa. Mjini Berlin mtaalamu Felix von Luschan alikusanya maelfu ya mafuvu kutoka pande zote za dunia, na maofisa na madaktari wa makoloni walikuwa miongoni mwa waliompelekea. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2023 ulihusu mafuvu yapatayo 1,100 ya Afrika Mashariki, mengi yakiwa ya Rwanda, na yapatayo 200 ya Tanzania. Wakati ule wapimaji walitaka kuwagawa binadamu katika mafungu kwa maumbile yao, na wengi wao waliamini kwamba ukubwa wa fuvu ndio ukubwa wa akili.

Njia yenyewe ilikuwa nyepesi. Samuel George Morton wa Philadelphia, aliyechapisha vipimo vyake mwaka 1839, alianza kwa kujaza mbegu ndani ya fuvu, kisha akazimimina katika chombo chenye alama za ujazo. Alipoona kwamba mbegu hushindiliana na kutoa majibu yanayobadilika, alihamia golori ndogo za risasi. Jambo hili laweza kujaribiwa darasani kwa kibuyu na ulezi. Wanafunzi watano wakijaza kibuyu kile kile, kila mmoja kwa mkono wake, hawatapata jibu moja. Wakitumia shanga ngumu zilizolingana, majibu yatakaribiana zaidi.

Mwaka 1981 mwanabiolojia Stephen Jay Gould alidai kwamba Morton, pasipo kujua, aliyapinda mahesabu yake ili yawapendelee watu weupe. Mwaka 2011 wanasayansi wengine waliyapima tena mafuvu mengi ya Morton, wakaona kwamba kwa jumla vipimo vyake vilikuwa sahihi. Mabishano hayo yana mafunzo kuliko yanavyoonekana. Hata tukikubali kwamba golori zilihesabiwa vizuri, kilichopatikana ni ujazo wa fuvu tu. Kutoka hapo hadi kwenye akili kuna mto mpana ambao Morton aliuruka bila daraja. Ubongo wa mwandishi Turgenev ulikuwa na uzito wa gramu 2,012. Wa Anatole France, aliyepata Nishani ya Nobel ya fasihi, gramu 1,017 hivi. Ubongo wa tembo huwazidi wote wawili. Tafiti za siku hizi zinazopima ubongo wa watu walio hai huonyesha kwamba uhusiano kati ya ujazo wake na alama za mtihani wa akili upo, lakini ni hafifu: ukijua ujazo, bado sehemu kubwa mno ya tofauti za alama haijaelezwa. Jambo ambalo fuvu laweza kulisema kwa uhakika zaidi ni nasaba. Kwa kulinganisha chembe za urithi, watafiti wa Berlin waliwapata jamaa walio hai wa baadhi ya watu ambao mafuvu yao yalichukuliwa Kilimanjaro.

Kulikuwa na kipimo kingine, kisichoandikwa vitabuni lakini kikiaminiwa na wengi: silaha. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji waliishambulia boma la Mahenge, wakiamini kwamba dawa ingeyageuza marisasi kuwa maji. Walikutana na bombomu, mzinga uliobuniwa na Hiram Maxim mwaka 1884, ambao hutumia nguvu ya kurudi nyuma ya risasi iliyotoka ili kuingiza risasi inayofuata, na kutoa risasi zipatazo 600 kwa dakika. Kwa watu wa 1905 ilikuwa kama silaha ya hadithi za kubuni. Watawala wakahitimisha kwamba mwenye mzinga ndiye mwenye akili. Lakini ofisa aliyeufyatua Mahenge asingeweza kuuunda, wala kueleza madini yake yalivyosubikwa. Mzinga ulipima viwanda, reli na meli zilizokuwa nyuma yake.

Mwaka ule ule wa 1905, mjini Paris, Alfred Binet na Théodore Simon walitoa mtihani wa kwanza wa akili uliofaa kutumika. Kusudi lao lilikuwa la kiasi: kuwatambua watoto waliohitaji msaada shuleni. Baadaye William Stern, mwaka 1912, alipendekeza kugawanya umri wa akili kwa umri wa kuzaliwa. Wengine wakazidisha kwa 100. Hivyo mtoto wa miaka 10 anayejibu kama wa miaka 12 hupata 120. Namba ikishapatikana, ni rahisi kuidhania kuwa ni kitu kilichomo kichwani kama damu ilivyomo mwilini.

Afrika Mashariki imetoa ushahidi mzuri wa kutilia shaka dhana hiyo. Huko Embu, Kenya, watoto waliopimwa mwaka 1998 walipata alama za juu sana kuliko wenzao wa 1984. Urithi haubadiliki katika miaka 14. Lishe na elimu ya wazazi hubadilika. Karibu na Bagamoyo, Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto wa miaka 11 hadi 13, wakawafundisha kwa muda usiofika saa moja namna ya kuyakabili maswali ya aina ile, kisha wakawapima tena, na alama zikapanda.

Ajabu zaidi ilitokea Usenge, kando ya Ziwa Viktoria. Sternberg na wenzake waliwauliza watoto wa Kijaluo kuhusu dawa za miti shamba: ipi ya tumbo, ipi ya homa, na kiasi gani. Waliojua dawa hizo zaidi walielekea kupata alama za chini katika mtihani wa msamiati wa shule. Waswahili husema juu ya mtu fulani kwamba amesoma lakini hana akili, na wasikilizaji huelewa bila kufafanuliwa. Mtihani wa Usenge haukuwa na nafasi ya kuandika kwamba mtoto hakusoma lakini anajua jani la kumtibu mdogo wake.