SHAMBA NI DARASA: MAFUNZO KUTOKA BWERA NA KASESE

Somo la vikundi vya nyumbani

Mafungu ya kusoma: Mwanzo 2:15, Yeremia 29:4-10

Kusudi la somo: Kutambua kwa nini familia iliyohama inapaswa kujifunza kupanda mboga na miti hata mahali ambapo si pake, na kujua namna ya kuanza.



Wengi wetu tuliingia Uganda kwa mlango wa Mpondwe. Tuliacha Kasindi nyuma, tukavuka mto Lhubiriha, tukaiona Bwera, kisha barabara ikatupeleka Kasese na mwishowe huku makazini. Siku ile hatukutazama mashamba. Tulikuwa tunahesabu watoto. Leo turudi kwa mawazo katika njia ile ile, tutazame yale tuliyoyapita.

Kila mara mafunzo ya bustani na miti yanapotangazwa kanisani, kuna swali linaloulizwa: "Ardhi hii si yangu. Nikipanda mti, nani atakula tunda lake?" Swali hili ni la haki. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006, pamoja na kanuni zake za mwaka 2010, inatuwezesha kupata ardhi makazini na kuilima, lakini si kuimiliki wala kuiuza. Mtu aliyekwisha kuacha migomba yake na kahawa yake mara moja, anaogopa kupanda tena. Somo la leo linajaribu kujibu swali hilo.

1. BARUA KWA WATU WALIOHAMISHWA

Nabii Yeremia aliwaandikia watu waliokuwa wamepelekwa Babeli. Aliwaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, wale matunda yake, na wautakie amani mji ule. Tuangalie vizuri: hakuwaambia kwamba Babeli sasa ni kwao. Katika mstari wa 10 anawaambia kwamba watarudi, lakini baada ya miaka sabini. Basi kupanda hakukuwa na maana ya kusahau nyumbani. Kulikuwa na maana kwamba watoto wapate kula leo, na kwamba watakaporudi wawe watu wanaojua kazi.

Tena tukumbuke hali yetu. Mwaka 2023 mgao wa chakula kwa wakimbizi wa Uganda ulianza kutolewa kwa makundi kulingana na uhitaji, na mwaka 2025 familia nyingi ziliondolewa katika orodha. Anayengoja lori peke yake anajua uchungu wake. Bustani haiwezi kujaza nafasi yote ya mgao, lakini inaweka mboga chunguni siku ambayo lori halikuja.

2. MLIMA UNATUFUNDISHA NINI?

Kasese iko chini ya Rwenzori, mlima ambao kilele chake, Margherita, kina mita 5,109. Mito mingi inashuka kutoka huko: Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani, na Lhubiriha tuliyoivuka.

Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika. Ulibeba mawe makubwa, ukabomoa nyumba na madaraja, ukaharibu hospitali ya Kilembe. Mwezi Mei 2020 mito kadhaa ilifurika tena, na hospitali ile ile ikapigwa mara ya pili. Mwezi Septemba 2022 udongo uliporomoka katika kijiji cha Kasika, na watu kumi na zaidi wakafa, wengi wao akina mama na watoto.

Mvua kubwa hakuna mtu wa kuizuia. Lakini mteremko wenye miti, majani na matuta unakunywa maji polepole, na mteremko ulio uchi unayatupa yote bondeni kwa mara moja, pamoja na udongo. Mkulima wa juu asipofunika shamba lake, mkulima wa chini ndiye anayelipa. Kwa hiyo shamba si jambo la mtu mmoja. Kama jirani yako hajui kuzuia maji, na wewe hujui, ninyi wote mtapoteza udongo. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kujifunza pamoja, wakimbizi na wenyeji.

Na lugha isiwe kizuizi. Wale waliotoka Beni na Lubero wanajua kwamba Kinande na Lhukonzo cha Bwera ni ndugu. Mtu anasikia na kujibu bila mkalimani.

3. DARASA LISILO NA UKUTA

Namna ya kufundisha wakulima ambayo Waswahili huiita shamba darasa ilianza Indonesia mwaka 1989, kwa wakulima wa mpunga waliosumbuliwa na wadudu. Katika miaka ya 1990 ilifika Afrika Mashariki. Kazi yake ni hivi:

Watu 20 hadi 30 wanapata kipande kidogo cha ardhi. Wanakigawa mara mbili. Upande mmoja wanalima kama walivyozoea, upande wa pili wanajaribu njia mpya. Wanakutana kila juma, tangu kupanda hadi kuvuna. Kila mara wanachunguza: majani yana rangi gani, wadudu gani wapo, udongo una unyevu kiasi gani. Wanachora walichoona, wanajadili, wanaamua. Mwezeshaji haji kuhubiri kilimo, anakuja kuuliza maswali. Siku ya mavuno wanapima pande zote mbili, na shamba lenyewe linatoa jibu.

Mama asiyejua kusoma asiseme kwamba darasa hili si lake. Wangari Maathai alipoanzisha kazi ya kupanda miti Kenya mwaka 1977, wanawake wa vijijini ndio waliootesha miche. Wengi hawakuwa na shule kubwa, lakini walijua mbegu, maji na kivuli. Mwaka 2004 Maathai alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Dunia ilikubali kwamba anayetunza mti anatunza amani pia.

4. MTI ULIOCHORWA KARATASINI

Mfano mwingine uko Kasese yenyewe. Huko Kyarumba, milimani, kuna ushirika wa wakulima wa kahawa unaoitwa Bukonzo Joint. Wanachama wake walijifunza kwa michoro. Mmoja wa michoro hiyo ni mti wa familia. Kwenye mizizi unachora kazi: upande huu kazi za mke, upande ule kazi za mume, katikati kazi za wote wawili. Kwenye matawi unachora matumizi: fedha zinakwenda wapi, na kwa nani. Kisha mnatazama pamoja: mti huu umesimama wima, au unaegemea upande mmoja?

Nyumba nyingi ziliona kwamba mti umeinama. Mke alikuwa na mizizi mingi, na mume alikuwa na matawi mengi. Tena kwa kukosa kuaminiana, watu wa nyumba moja walikuwa wakichuma kahawa mbichi kwa siri, kila mmoja akiwahi kuuza kabla ya mwenzake. Kahawa mbichi bei yake ni mbaya, basi wote wawili walipata hasara. Walipoanza kupanga pamoja, waliweza kungoja kahawa iive.

Wapendwa, jambo hili linatuhusu. Ni mara ngapi mama anamwagilia bustani, na siku ya kuuza mboga fedha hazionekani? Mafunzo ya kilimo yasiyoingia ndani ya nyumba yanaishia kwenye daftari.

5. KAZI TATU ZA MIKONO

(a) Kipimo cha herufi A. Chombo hiki kinakuonyesha mstari ulio sawa kwenye mteremko. Chukua miti miwili ya mita 2, uifunge pamoja juu. Funga mti wa tatu katikati, ili iwe kama herufi A. Kutoka juu ning'iniza kamba yenye jiwe, ipite mbele ya ule mti wa katikati. Simamisha kipimo, weka alama ya miguu ardhini, na tia alama pale kamba inapogusa. Kigeuze, mguu wa kulia uende mahali pa ule wa kushoto, tia alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo palipo sawa. Sasa tembea nacho kukata mteremko. Kila kamba inapotulia katikati, piga kigingi penye miguu. Fuata vigingi hivyo kuchimba mtaro. Udongo ukiutupa upande wa juu unaitwa fanya juu, ukiutupa upande wa chini ni fanya chini. Kwenye tuta panda majani ya tembo au kaliandra, nayo yatakuwa pia chakula cha mbuzi.

(b) Bustani ya gunia. Hii inafaa kwa kiwanja kidogo. Changanya udongo na mbolea ya ng'ombe au mbuzi iliyooza. Chukua kopo kubwa lisilo na kitako wala kifuniko, lisimamishe katikati ya gunia, lijaze mawe madogo. Jaza udongo kulizunguka, kisha livute juu, mawe yabaki. Rudia hadi gunia lijae. Mwagilia kwenye mawe, maji yataenea hadi chini. Toboa matundu ubavuni, panda sukuma wiki, na juu panda lengalenga au vitunguu. Maji ya kuoshea mboga yanatosha kwa kazi hii, msimwage.

(c) Usafi wa migomba. Ugonjwa wa mnyauko ulithibitishwa Uganda mwaka 2001, na mwaka huo huo ukaonekana Masisi. Majani yananyauka na kuwa ya manjano, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukikata shina linatoa maji mazito ya manjano. Wadudu wanaubeba kutoka ua moja hadi jingine, na visu vyetu pia vinaubeba. Ndizi za mwisho za mkungu zikiisha kutokea, vunja ua la chini kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu. Kisu kipitishe motoni kabla ya kwenda mgomba mwingine. Usichukue chipukizi katika shamba lenye ugonjwa, hata ukipewa bure na rafiki.

6. CHAGUA MTI KWA MIAKA YAKE

Sasa tulijibu lile swali la mwanzo. Hujui utakaa miaka mingapi. Basi panda kwa ngazi, ili kila muda uwe na vuno lake.

Juma 4: lengalenga.
Miezi 3: maharage.
Karibu mwaka 1: mpapai.
Mwaka 1 hadi 2: sesbania, kwa kuni na kurutubisha udongo.
Miaka 3 hadi 4: mparachichi (avoka) uliounganishwa.
Miaka 5 na zaidi: grevilea, kwa fito na mbao, mpakani mwa shamba.

Kalitusi hukua upesi, lakini inakunywa maji mengi. Isipandwe karibu na chemchemi wala katika kiwanja kidogo cha chakula. Miche ipandwe mwanzo wa mvua, mwezi wa Machi au Septemba, na isiachiwe mbuzi.

Ukiondoka kabla ya mparachichi kuzaa, utakuwa umekwisha kula lengalenga, maharage na mapapai, na umepika kwa kuni za sesbania. Mparachichi ataula mwingine, pengine mkimbizi atakayefika akiwa amechoka kama ulivyofika wewe. Na ule ujuzi wa kipimo cha A, wa gunia na wa kitalu, hakuna anayeweza kuuchukua mpakani. Hiyo ndiyo mbegu tunayorudi nayo.

7. WATOTO WASIACHWE

Uganda ina vikundi vya wanafunzi vya kutunza wanyama na mazingira tangu mwaka 1975. Kasese inapakana na Hifadhi ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952, na huko tembo huingia mashambani. Mtoto wa pale anajifunza mapema mambo mawili: mnyama ana njia yake, na binadamu ana akili yake. Watoto wetu nao wapewe kila mmoja mche mmoja wenye jina lake. Anayemwagilia kila jioni anajifunza uvumilivu bila kuhubiriwa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini Yeremia aliwaambia waliohamishwa wapande, hali akijua kwamba watarudi?
2. Maji ya mvua yanayotoka kwako yanakwenda kwa nani? Mmewahi kuzungumza naye?
3. Chora mti wa familia yako. Umeinama upande gani? Mtaunyosha namna gani?
4. Ni ujuzi gani wa shamba uliotoka nao Kongo ambao wenyeji hapa hawaujui? Utaufundisha lini?

KAZI YA MWEZI HUU

Kila kikundi cha nyumbani kitengeneze kipimo kimoja cha herufi A na bustani mbili za gunia: moja kwa mjane au mzee asiye na nguvu, nyingine kwa jirani mwenyeji. Wazee wa kanisa watapita Jumamosi ya mwisho wa mwezi, si kukagua, bali kujifunza.

Bwana abariki kazi za mikono yenu, na watoto wale na kushiba. Amina.