SOMO LA AFYA: UKUCHA WA IMBWA ULIOUMIA



Posho iliyopita imbwa wa mulinzi wetu alikwama ukucha katika waya wa lupango, damu ikatoka. Wengi wetu tulisimama tu kutazama. Mumoja akataka kuvuta ule ukucha kwa mukono; imbwa akageuka, kidogo tu amuume. Basi tumeona vema tujifunze pamoja.

1. Ukucha ni nini?
Inje iko gamba gumu, sawa pembe ya mbuzi. Ndani iko nyama laini, na mishipa ya damu na ya kusikia maumivu. Njo maana unatoka damu nyingi. Ukucha wa upande wa ndani wa muguu haugusi chini. Hausuguliki, unarefuka na kupinda, kisha unakwama.

2. Mbele ya kumugusa
Imbwa mupole akisikia maumivu anaweza kuuma hata bwana wake. Tumuache bwana wake amushike. Kama anapumua vizuri, amufunge kinywa na kitambaa kwa muda mufupi. Imbwa tusiyemujua, ao anayetokwa na mate ovyo na kuyumba, tusimuguse hata kidogo.

3. Kazi yenyewe
Tufinye ukucha na kitambaa safi dakika 5 mpaka 10, bila kuchungulia. Kama ni ncha tu imekatika, tunaweza kuisugua na sabuni kavu ya mche. Tumufunge na soseti safi, bila kukaza. Kila siku tubadilishe, tuoshe na maji yaliyochemka na kupoa: kijiko kidogo 1 cha chumvi katika nusu litre. Tukaushe vizuri.

Ukucha ukining'inia, tusivute. Hiyo ni kazi ya munganga wa wanyama. Vilevile muguu ukivimba ao kutoka usaha. Tusimupe dawa za watu: parasetamoli na ibuprofeni zinaweza kumuua.

4. Kama amekuuma
Hapa njo jambo kubwa. Osha kidonda na sabuni na maji mengi dakika 15, kisha uende hospitali siku ileile, hata kama kidonda ni kidogo. Kichaa cha imbwa kinazuiwa na sindano zikitolewa mapema. Lakini alama za ugonjwa zikianza, karibu kila mutu anakufa. Kwa hiyo, wenzetu, tusifiche kwa kuogopa azabu. Azabu inapita, uzima haurudi.

Mithali 12:10 inatufundisha kuwa mwenye haki anaangalia uzima wa mnyama wake. Huruma ni nzuri; huruma na akili ni nzuri zaidi.

Maulizo
1. Sababu gani ukucha unatoka damu nyingi?
2. Tunaanza na nini mbele ya kumugusa imbwa?
3. Mwenzako ameumwa, na anakuomba usiseme. Utafanya nini?