SOMO: MAZUKU, NA YULE TUNAYEMSINGIZIA
Kusoma: Kutoka 21:33-34, Kumbukumbu la Torati 19:15



Habari za kutisha tunazipenda. Jioni, kando ya mbabula, mmoja anasimulia: mbuzi wamekutwa alfajiri wamekufa shimoni bila jeraha. Mwingine anaongeza: mtoto aliyewafuata alianguka palepale, lakini baba yake aliyesimama karibu hakupatwa na kitu. Mchana watu wanakwenda kutazama, hawasikii harufu wala hawaoni alama. Ndipo linapotajwa jina la mama mzee wa jirani.

Tuchunguze basi. Mazuku ni gazi kaboniki inayotoka ardhini kwa kupitia nyufa za mawe ya volkano, hasa upande huu wa magharibi wa Goma, kuelekea Mugunga, Bulengo na Sake. Haina rangi wala harufu. Tena ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inatelemka na kujaa mashimoni kama maji katika beseni. Usiku na alfajiri upepo ukitulia, inaongezeka. Jua likipanda na upepo ukivuma, inapungua. Mbuzi na mtoto wanaivuta kwa sababu pua zao ziko chini. Baba anaposimama, kichwa chake kiko juu yake. Akiinama amwinue mtoto, naye anaanguka. Gazi hiyo ikizidi sehemu 10 kwa 100 za hewa, dakika chache zatosha kumzimisha mtu.

Hata huko Kameruni, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, ziwa Nyos lilitoa gazi hiyohiyo na watu wapata 1,700 walikufa, wengi wao wakiwa usingizini.

Sasa someni Kutoka. Ng'ombe akitumbukia katika shimo lililoachwa wazi, Torati haiulizi ni nani aliyemroga. Inauliza shimo ni la nani, na mwenye shimo analipa. Sisemi kwamba uchawi haupo. Hilo ni somo lingine. Lakini ninyi mnaopewa maono, jina la mtu lisitoke kinywani mwenu kabla hamjauliza marehemu alikutwa wapi, na saa ngapi. Mama akishafukuzwa katika nyumba yake, au akishapigwa mawe, maono hayarudi kumponya. Na shimo linabaki wazi, likingoja mtoto wa pili.

Mkiona ndege, mijusi na wadudu wamekufa mahali pamoja penye bonde, msipite hapo alfajiri, wala msilaze mtu hapo. Wekeni alama, zungushieni mawe, pelekeni habari kwa chefu wa kartie na kwa wataalamu wa volkano wa OVG. Aliyeanguka msimfuate shimoni mbio mbio, hata kama ni mtoto wako. Mvuteni kwa kamba au mti mrefu mkiwa juu.

Maswali ya kujadili katika vikundi:
1. Katika avenyu yenu, ni shimo gani liko wazi?
2. Ni nani alikwisha kusingiziwa kwa ajili yake, naye yuko wapi leo?