Baridi Kali na Mazoezi ya Soka: Ndani au Nje?

Katika nchi za baridi, mazoezi ya soka wakati wa majira ya baridi hukabiliwa na mambo matatu kwa pamoja: joto la hewa, upepo na unyevu. Kipimajoto huonyesha la kwanza tu. Hewa ikiwa nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo ukivuma kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoteza joto kana kwamba hewa imefika nyuzi 20 chini ya sifuri. Mvua nayo haipaswi kudharauliwa. Mchezaji aliyelowa chapachapa katika nyuzi 5 juu ya sifuri, siku isiyo na theluji wala barafu, anaweza kupoa mpaka joto la ndani ya mwili lishuke chini ya nyuzi 35, na hapo uhai wake umo hatarini.

Soka lina udhaifu wake mbele ya baridi, nao ni kusimama. Mechi ni mbio, lakini mazoezi yamejaa kungoja: kocha anasimamisha mchezo ili aeleze, wachezaji wanapanga foleni wakisubiri zamu ya kupiga shuti, kipa anakaa dakika kadhaa bila kuguswa na mpira. Jasho lililotoka wakati wa mbio hupoa chini ya jezi, na misuli iliyokuwa imepashwa vizuri huanza kukaza. Misuli iliyopoa haina kasi wala nguvu yake ya kawaida. Hewa ya baridi pia ni kavu, hivyo hukausha njia za pumzi na kuzibana. Mwenye pumu huanza kukohoa na kubanwa kifua hata kabla ya kuchoka. Watoto hupoa haraka kuliko watu wazima, kwa kuwa miili yao ni midogo ilhali eneo la ngozi linalopoteza joto ni kubwa likilinganishwa na uzito wao.

Uwanja na mpira hubadilika vilevile. Ardhi iliyoganda ni ngumu kama sakafu, na anayeanguka juu yake huumia goti, kiwiko au kichwa. Mpira uliojazwa upepo chumbani, katika nyuzi 20, kwa shinikizo la angahewa 0.9, ukitolewa nje kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri hubaki na takriban 0.7, bila kuvuja hata kidogo. Sheria za soka huruhusu kuanzia 0.6 hadi 1.1, hivyo mpira huo bado ni halali, ila hauruki wala kudunda kama mchezaji alivyouzoea. Mtoto anayejifunza kutuliza mpira kwa mguu hupata somo moja Agosti na jingine Januari.

Hoja hii ya kujifunza ndiyo iliyoibadili Aisilandi. Baridi ya Reykjavik si ya kutisha kwenye kipimajoto, kwani wastani wa Januari huelea karibu na sifuri. Kinachokwamisha soka huko ni upepo mkali, mvua iliyochanganyika na theluji, na giza: mwishoni mwa Desemba mwanga wa mchana hudumu kama saa nne tu. Kwa miaka mingi wachezaji walifanya mazoezi ya majira hayo kwenye viwanja vya changarawe. Mwaka 2000 ulifunguliwa ukumbi wa Reykjaneshöll mjini Keflavík, wenye uwanja kamili wa nyasi bandia chini ya paa, na kumbi nyingine zikafuata katika miji mbalimbali. Nyingi zilijengwa kwa fedha za halmashauri za miji, na watoto wa kawaida wakazitumia pamoja na timu za wakubwa. Kizazi kilichokulia humo kiliifunga Uingereza 2-1 mjini Nice tarehe 27 Juni 2016, kisha kikafika Kombe la Dunia la 2018 na kutoka sare ya 1-1 na Argentina. Wakati huo hakuna nchi yenye watu wachache kuliko Aisilandi iliyokuwa imewahi kufuzu. Si haki kuzipa kumbi sifa yote. Nchi hiyo pia ilisomesha makocha wengi hadi ngazi za leseni za UEFA na kuwapanga hata kwa watoto wadogo. Lakini kocha hodari hawezi kufundisha pasi fupi kwenye changarawe iliyoganda, gizani, upepo ukiuchukua mpira.

Wanaotetea mazoezi ya nje husema mechi huchezwa nje, kwa hiyo mwili uzoeshwe. Dai hilo lina ukweli nusu. Mwili huzoea joto vizuri ndani ya wiki mbili hivi, lakini kwa baridi mazoea yake ni madogo na ya polepole. Kinachozoeleka ni ujuzi: kuchagua njumu zinazoshika ardhi ngumu, kuvaa nguo kwa tabaka, kudaka mpira kwa vidole vilivyokufa ganzi. Hayo hayahitaji majira mazima ya kuteseka. Vipindi vichache vifupi kabla ya mechi vinatosha. Green Bay Packers, timu ya futiboli ya Marekani, ina ukumbi wa mazoezi wa Don Hutson Center uliofunguliwa 1994, ingawa mechi za nyumbani bado inazicheza kwenye uwanja wa wazi wa Lambeau Field. Uwanja huo ulishuhudia fainali ya ligi ya tarehe 31 Desemba 1967 katika nyuzi 25 chini ya sifuri, siku ambayo mitambo ya kupasha udongo ilishindwa kazi na nyasi zikawa barafu.

Ukumbi nao una kasoro zake. Ni ghali, saa zake hugombaniwa, na hewa yake ikikosa mzunguko mafua husambaa kikosini. Hata hivyo haulazimiki kuwa na joto la sebuleni. Kuta zinazozuia upepo na paa linalozuia mvua zimekwisha kuondoa sehemu kubwa ya hatari.

Miongozo ya tiba ya michezo nchini Marekani hutumia makali ya baridi yanayojumuisha upepo. Yakifika nyuzi 9 chini ya sifuri, mazoezi ya nje hupunguzwa. Yakifika 18, huahirishwa au kuhamishiwa ndani. Karibu na 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Familia zilizohamia Minneapolis, Toronto au Oslo kutoka Afrika Mashariki na Kongo zina haki ya kumuuliza kocha anafuata kipimo gani, na mtoto asiye na glavu, kofia na soksi kavu za akiba asitolewe nje kabisa.

Dalili za hatari ni kutetemeka kusikokoma, kujikwaa, maneno kuvurugika, na ngozi ya vidole, pua au masikio kugeuka nyeupe isiyohisi kitu. Mchezaji wa namna hiyo huingizwa ndani mara moja, huvuliwa nguo zilizolowa na kufunikwa blanketi. Akiwa na fahamu timamu hupewa kinywaji cha moto chenye sukari. Ngozi iliyoganda haisuguliwi wala kuwekwa karibu na hita, maana imekufa ganzi na itaungua bila mwenyewe kujua. Huloweshwa kwa maji ya uvuguvugu, ikiwa tu hakuna uwezekano wa kuganda tena njiani, na mgonjwa hupelekwa hospitali.